Programu za Wanafunzi na Usalama wa Watu wa Ziwa

Kiseke ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ilemela, katika Jiji la Mwanza. Wakazi wake, kama watu wote wa ukanda huu, huishi kwa kulitegemea Ziwa Victoria. Samaki wanaouzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hutoka humo. Na ndugu walioko Ukerewe, Ukara au Bukoba hutembelewa kwa kuvuka maji. Kwa sababu hiyo, msiba unapotokea ziwani, hakuna mtaa wa Mwanza usioguswa nao.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa safarini kutoka Bukoba kuja Mwanza. Ilipinduka na kuzama ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha iliyokuwapo ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili peke yao. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Waliokufa walizidi 800. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Chombo cha majini huweza kupinduka kwa sababu nyingi: upepo, mpangilio mbaya wa mizigo, ubovu wa chombo chenyewe au makosa ya uendeshaji. Hata hivyo, katika misiba hii miwili swali moja dogo la hesabu lilikosa jibu la hakika kabla ya safari: je, ni watu wangapi wamo ndani?

Swali la namna hiyo ndilo hasa linalomfaa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anayetafuta mradi wa utafiti wa shahada ya kwanza. Nalo laonyesha vizuri tofauti iliyopo baina ya kuandika programu na kufanya utafiti.

Mradi wa utafiti ni nini?

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hutakiwa, aghalabu katika mwaka wake wa mwisho, kutengeneza programu inayotatua tatizo fulani na kuandika taarifa juu yake. Kazi hiyo husimamiwa na mhadhiri wa idara. Mwanafunzi huanza kwa kuandika pendekezo, kisha huchunguza mahitaji ya watumiaji, huchora mpango wa programu, huiandika, huijaribu, na mwishoni huitetea mbele ya jopo la wahadhiri.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kiini cha kazi hii ni hatua ya kuandika programu. Lakini programu ni jibu, na jibu halina thamani ikiwa swali halikueleweka. Mwenye kujenga daraja hupima kwanza upana wa mto na ugumu wa udongo. Vivyo hivyo mwenye kuandika programu hana budi kupima kwanza kazi inayofanywa na watu, na jinsi wanavyoifanya.

Mfano wa kivuko

Chukua mfano wa mwanafunzi wa kubuni anayetaka kutengeneza programu ya kuhesabu abiria wa kivuko chenye nafasi ya watu 101. Programu yenyewe ni rahisi. Ianze na sifuri. Kila anapopanda mtu, ongeza moja. Idadi ikifika 101, toa onyo na usikubali mwingine. Mistari michache yatosha, na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma somo la kompyuta aweza kuiandika kwa siku moja.

Sasa mwanafunzi aende gatini akatazame. Huko ataona mambo ambayo programu yake haikuyajua. Mama anapanda akiwa na mtoto mgongoni: je, huyo ni mtu mmoja au wawili? Kijana anaruka ndani kutoka upande usio na karani. Abiria ameshika tiketi moja, lakini amefuatana na wadogo zake watatu. Wapagazi wanaingia na kutoka mara nyingi, na wawili kati yao wanabaki ndani. Karani aliyepewa kazi ya kubonyeza simu anaitwa kusaidia kupakia pikipiki, na watu kumi wanapita huku simu ikiwa mfukoni.

Tena lipo jambo la mizigo. Katika hesabu za uthabiti wa meli zinazotumika kimataifa, uzito wa abiria mmoja hukadiriwa kuwa kilo 75. Abiria 101 basi wana uzito wa kilo 7,575. Magunia 20 ya mahindi, kila moja likiwa na kilo 100, yana uzito wa kilo 2,000, ambao ni karibu sawa na uzito wa abiria 27 wengine. Programu inayohesabu vichwa pekee haitayaona magunia hayo. Aidha, haitajua kama watu wamesimama juu, ambako hukiinua kitovu cha uzito wa chombo, au kama wote wamesogea upande mmoja wakati wa kushuka.

Kwa hiyo swali la mwanzo lililoonekana jepesi limegawanyika na kuwa maswali mengi: nani ahesabiwe, nani ahesabu, mahali gani, na mzigo upimwe vipi. Mwanafunzi mmoja hawezi kuyajibu yote katika mwaka mmoja. Hapa ndipo msimamizi anapomsaidia kuchagua swali moja lenye mipaka, kwa mfano: “Je, karani mmoja mwenye simu anaweza kuhesabu abiria kwa usahihi kuliko karani mwenye daftari?” Swali hilo ni dogo, lakini linaweza kupimwa, na jibu lake litakuwa na faida liwe ndiyo au hapana.

“Umejuaje?”

Tuseme programu imekamilika na mwanafunzi anadai kwamba inafanya kazi. Msimamizi mwema atamwuliza neno moja tu: “Umejuaje?” Kujibu kwamba programu haikukwama na kwamba kioo kilionyesha namba hakutoshi, kwa maana namba yaweza kuonekana nzuri na bado ikawa ya uongo.

Njia ya kujibu ni kufanya jaribio. Mwanafunzi aweke watu wawili wasiotumia programu, wahesabu kwa uangalifu kila mmoja peke yake, kisha hesabu yao ilinganishwe na ya programu. Namba zifuatazo si za kivuko chochote halisi. Zimetungwa ili kuonyesha njia.

Katika safari 40, wahesabu waliona abiria 3,200. Programu iliandika abiria 3,040. Tofauti ni 160, yaani asilimia 5. Mwanafunzi anafurahi na kuandika katika taarifa yake kwamba programu ina usahihi wa asilimia 95.

Lakini msimamizi anamtaka azitenge safari za siku za kawaida na safari za siku za gulio. Safari 35 za kawaida zilikuwa na abiria 2,600, yaani wastani wa 74 kwa safari. Programu iliwakosa 20 tu, wasiofika hata asilimia 1. Safari 5 za gulio zilikuwa na abiria 600, yaani wastani wa 120 kwa safari. Programu iliandika 460, yaani wastani wa 92. Iliwakosa 140, ambao ni zaidi ya asilimia 23.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Siku ya gulio kivuko kilibeba wastani wa watu 120, hali kimeruhusiwa 101, lakini programu ilionyesha 92 na haikutoa onyo lolote. Ilikuwa sahihi siku ambazo hapakuwa na hatari, na ikakosea siku ya hatari. Wastani wa asilimia 5 uliificha kasoro hiyo. Tena programu ya namna hii ingeweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na programu, kwa kuwa nahodha mwenye shaka huangalia chombo chake kwa macho, bali aliyehakikishiwa na kioo cha simu huenda asiangalie.

Mwanafunzi aliyegundua kasoro hiyo hakushindwa katika mradi wake. Amepata matokeo ya kweli, na amejua kwamba dawa si kupamba programu bali kuweka lango moja la kupitia abiria, au karani wa pili siku za gulio. Ni heri kosa lionekane katika karatasi za taarifa kuliko lionekane majini.

Mifano kutoka ng'ambo ya ziwa

Upande wa kaskazini wa ziwa hili kuna Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambacho wanafunzi wake wamewahi kutoa miradi iliyojulikana duniani.

Mwaka 2012 kikundi cha wanafunzi wa Makerere kilitengeneza WinSenga. Tangu mwisho wa karne ya 19 wakunga wamekuwa wakisikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni kwa chombo chenye umbo la tarumbeta ndogo, kinachohusishwa na jina la tabibu Mfaransa Adolphe Pinard. Wanafunzi hao walitia maikrofoni katika chombo cha namna hiyo, wakakiunganisha na simu, na wakaandika programu ya kuyachambua mapigo. Jina hilo limetokana na neno la Kiganda lenye maana ya shangazi, ambaye kwa desturi ndiye mwenye kumwelekeza binti katika mambo ya ndoa na uzazi.

Kwa kawaida moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Moyo wa mama, akiwa ametulia, hupiga mara 60 hadi 100. Ugumu wa kazi ya namna hii unaonekana mara moja: sauti zote mbili zimo katika mwili mmoja, na zaidi ya hizo kuna kelele za wodi. Mashine yoyote ya kuhesabu mapigo yaweza kuhesabu ya mama na kudhani ni ya mtoto. Kwa hiyo hapa pia swali ni lile lile la gatini: kinachohesabiwa ni kitu gani hasa?

Mfano wa pili ni Matibabu, kazi ya Brian Gitta na wenzake, iliyoanza walipokuwa wanafunzi huko huko Makerere. Shabaha yao ilikuwa kutambua malaria bila kutoa damu. Kidole hutiwa katika kifaa kidogo, mwanga mwekundu hupitishwa, na programu huchunguza mabadiliko yanayoletwa na malaria katika chembe nyekundu za damu. Mwaka 2013 walipata tuzo katika mashindano ya wanafunzi ya Imagine Cup ya kampuni ya Microsoft, ambayo fainali zake zilifanyika Urusi. Mwaka 2018 Gitta alipewa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, itolewayo na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza.

Miaka mitano ilipita kati ya tuzo hizo mbili, na sababu ya kuchelewa kwa kazi za namna hii yaweza kuelezwa kwa hesabu. Tuseme kifaa fulani cha kubuni kinatoa jibu sahihi kwa watu 80 katika kila 100, wawe wagonjwa au wazima. Wapimwe watu 1,000, ambao 100 kati yao wana malaria. Wagonjwa 80 watatambuliwa, na 20 watarudishwa nyumbani bila dawa. Katika wazima 900, watu 720 wataambiwa kwa haki kwamba ni wazima, lakini 180 wataambiwa kwamba wanaumwa. Watakaoambiwa wana malaria ni jumla ya 260, na kati ya hao wagonjwa wa kweli ni 80 tu, yaani hawafiki hata theluthi moja. Asilimia 80, ambayo katika mtihani wa shule ni alama ya kupongezwa, haitoshi katika zahanati. Ndiyo maana tuzo ya wanafunzi ni mwanzo wa kazi, na majaribio ya hospitali hufuata kwa miaka mingi.

Funzo la mwaka 1974

Tanzania ina sababu yake ya kukumbuka kwamba kompyuta bila maandalizi huleta hasara. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Juhudi za kuhamishia hesabu za serikali katika mashine zilileta vurugu na gharama, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa na hatimaye kuondolewa, lakini funzo lake halijachakaa. Mashine hufanya upesi kile ilichoamriwa. Ikiwa taratibu za kazi hazikuchunguzwa, wala watumishi hawakufundishwa, itafanya makosa upesi vile vile.

Mradi wa mwanafunzi, ukisimamiwa vema, ni mahali pa kujifunza funzo hilo kwa gharama ndogo.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi haandiki programu ya mwanafunzi wake. Kazi zake kubwa ni nne. Kwanza, humsaidia kulipunguza swali hadi liweze kujibika. Pili, humwelekeza asome kazi za waliotangulia, ili asitumie mwaka mzima kubuni kitu kilichokwisha kubuniwa. Tatu, humtaka aoneshe ushahidi wa kila dai. Nne, humlinda yeye na watu wanaochunguzwa.

Kazi hii ya nne husahaulika mara nyingi. Mwanafunzi wa kivuko akiamua kuandika majina ya abiria na namba zao za simu, atakuwa ameshika habari za watu zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Yampasa awe na ruhusa, aeleze habari hizo ni za nini, na azitunze zisimfikie asiyehusika. Orodha ya abiria huweza kuwasaidia waokoaji. Ikiangukia mikono mibaya huweza kuwadhuru watu wale wale.

Mradi usife kabatini

Ugonjwa mkubwa wa miradi hii ni kwamba mingi hufa siku ya kupewa alama. Taarifa hufungwa jalada, huwekwa kabatini, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huanza upya kazi ile ile.

Dawa yake inajulikana. Programu ya DHIS2, inayokusanya takwimu za vituo vya afya na inayotumika nchini Tanzania na katika nchi nyingine nyingi, ilitokana na kazi iliyoanza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, huiratibu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi. Maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha, na watafiti wa vizazi mbalimbali wameongeza kila mmoja sehemu yake. Nyumba kubwa hiyo haikujengwa na fundi mmoja.

Hivyo basi mwanafunzi mwenye busara huandika taarifa yake kana kwamba anamwandikia mwenzake wa mwaka ujao. Hueleza kilichofaulu na, kwa uwazi zaidi, kilichoshindikana. Mwanafunzi ajaye akisoma kwamba programu iliwakosa abiria 140 siku za gulio, ataanzia hapo.

Zoezi kwa wanafunzi

Utafiti wa namna hii waweza kuanzwa na wanafunzi wa sekondari, huko Kiseke au kwingineko, bila kompyuta yoyote. Wanafunzi wawili wasimame kituo cha daladala, mahali palipo salama na kwa idhini ya mwalimu wao. Kabla ya kuanza wakubaliane kanuni: je, mtoto aliyebebwa ahesabiwe? Na kondakta je? Kisha kila mmoja ahesabu abiria waliomo katika magari 20, bila kumwonyesha mwenzake daftari. Magari 10 yawe ya asubuhi watu wanapokwenda kazini, na 10 ya mchana.

Darasani wajibu maswali haya. Je, hesabu mbili zilitofautiana kwa asilimia ngapi? Je, tofauti ya asubuhi ilikuwa sawa na ya mchana? Ni kanuni gani ambayo hawakuikumbuka mpaka walipofika kituoni? Na kama wangeandika programu ya kazi hiyo, ni jambo gani ambalo programu isingeweza kuliona?

Darasa litakaloyajibu maswali hayo kwa uaminifu litakuwa limefanya sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika mradi wa programu. Iliyobaki ni kuiandika. Na baada ya kuiandika, kurudi gatini kuhesabu tena.